Mfamaji Hatapatapi

Maneno haya niliyatamka ufuoni Entebbe, tarehe 25 Julai, mbele ya wanagenzi waliokuwa wakianza mafunzo ya uokoaji wa majini na ualimu wa kuogelea. Nilipoyaandika nimepunguza marudio na baadhi ya salamu; mengine nimeyaacha yalivyokuwa.

Afande uliyekuja kwa niaba ya polisi ya majini, mzee mwenyekiti wa mwalo wetu wa wavuvi, wakufunzi wenzangu, wazazi mliowasindikiza vijana wenu, na ninyi wanagenzi wenyewe: asalamu aleikumu, na Bwana asifiwe kwa wanaoitikia hivyo.

Nimeombwa nizungumze kwa Kiswahili, na sababu anaiona kila aliyesoma orodha ya majina. Mko hapa mliotoka Buliisa na Hoima, mko wa Busia, mko wa Kasensero jirani na mpaka wa Tanzania, mko ndugu zetu Wakongomani wa kambi ya wakimbizi ya Kyangwali, na tuko sisi tuliolelewa kambini, maana mimi ni mtoto wa kambi ya polisi ya Jinja, ambako Kisoga tulikikuta sokoni na Kiluganda shuleni, lakini uani tulicheza, tuligombana na tulipatana kwa lugha hii. Iko sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Mashua inayopinduka katika Ziwa Albert huwa imebeba watu wa makabila manne au matano, na amri ya mwokoaji ni lazima ifahamike na wote mara ya kwanza, kwa kuwa mara ya pili huenda asiwepo wa kuisikia.

Sote tumekua tukiambiwa kwamba mfamaji haachi kutapatapa. Ni methali nzuri, na kwa habari ya mfanyabiashara aliyefilisika au mwanasiasa aliyeshindwa uchaguzi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba tumeichukua kuwa maelezo ya maji yenyewe. Mwulize mzazi yeyote aliyeketi kando ya bwawa, atakwambia kwamba mtoto akianza kuzama atapiga kelele, atarusha mikono, maji yataruka, naye mzazi atageuka na kumwona. Kwa imani hiyo anatulia na simu yake. Katika miaka 27 niliyoifanya kazi hii, waliopiga kelele niliwafikia wakiwa bado na nguvu. Waliokuwa wakifa hawakunipigia kelele hata mmoja.

Nitawapa mfano, na ninautoa kwa aibu. Hoteli yenyewe sitaitaja. Ilikuwa Jumamosi alasiri, kulikuwa na sherehe ya kuzaliwa kwa mtoto, na pale kazini palikuwa na desturi ya kuwatuma waokoaji kubeba sahani na soda kila mikono ilipopungua jikoni. Siku hiyo nilitumwa mimi nikakubali, na kukubali huko ni kosa langu, hata kama desturi niliikuta. Nikapita kando ya bwawa na sinia ya chupa mkononi, nikaona mpira wa rangi ya machungwa unaelea taratibu kuelekea upande wa kina kirefu. Mpira wa mtoto haubaki majini peke yake. Daima yupo anayeufuata. Nikamtafuta mwenye mpira. Alikuwa mvulana wa miaka kama sita, hatua tano kutoka alipoketi mama yake, maji yakimfika mdomoni. Alikuwa wima ndani ya maji kama mtu anayepanda ngazi isiyokuwepo, kichwa kimelala nyuma, mdomo unatokeza na kuzama, macho yamekodoka bila kutazama kitu, na mikono yake miwili chini ya maji ilikuwa ikikandamiza kama ya mtu anayekanda unga wa chapati. Watoto wakubwa wawili walikuwa wakicheza karibu naye kiasi cha kumgusa. Kwake yeye haikutoka sauti yoyote.

Sinia niliiangusha. Nilipomtoa alikuwa angali anapumua. Alitapika, kisha akalia, na sijapata kukipenda kilio cha mtoto kama nilivyokipenda kile. Mama yake alipopata kauli aliniuliza swali ambalo tangu siku hiyo ndilo ninalofungulia kila kozi: "Mbona hakuita?"

Hakuita kwa sababu hakuweza. Sauti hutengenezwa kwa pumzi inayotoka, na mtu ambaye mdomo wake uko juu ya maji kwa muda usiotosha hata kuvuta pumzi moja kamili hana pumzi ya ziada ya kusemea. Hakupunga mkono kwa sababu mikono yake haikuwa tena chini ya amri yake. Mwili wenyewe huisukuma chini ili mdomo upande juu, na mwenye mwili hana la kuamua. Mambo haya yalielezwa kwa utaratibu na mwokoaji wa New York aitwaye Frank Pia, aliyefanya kazi katika ufuo wa Orchard, Bronx, na ambaye, badala ya kutegemea kumbukumbu, alizitazama picha za filamu za watu waliokuwa wakizama kweli na kuokolewa. Alichokiona ni kwamba mapambano hayo ya kimya juu ya maji hudumu kati ya sekunde 20 na 60, kisha mtu hushuka. Sekunde 20. Muda huo hautoshi kufungua chupa nne za soda na kuzipanga mezani, nimejaribu kupima.

Yupo kweli anayetapatapa. Huyo ni mwogeleaji aliyechoka au aliyebanwa na msuli, naye anaita, anapunga, na ukimrushia kamba ataishika. Mshukuruni Mungu mkimpata wa namna hiyo, mkamsaidie upesi kabla hajanyamaza. Msimfanye yeye kipimo cha hatari, kwa maana akishanyamaza ndipo kazi yenu hasa huanza, na mwenye kuiona hali hiyo ni yule tu aliyefundishwa kuiona.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaokuja kuandikisha majina. Huniambia, "Mwalimu, mimi ni mwogeleaji hodari, nilivuka kutoka mwalo hadi kisiwa." Nawapongeza. Kuogelea kunatakiwa, na mtihani wake si wa mzaha. Katika cheti cha waokoaji wa mabwawa kinachotolewa Uingereza chini ya Royal Life Saving Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1891, mtahiniwa huruka katika maji ya kina, huogelea mita 50 chini ya sekunde 60, huogelea mita 100 kifudifudi na chali bila kupumzika, hujishikilia juu ya maji mahali pamoja kwa sekunde 30, hupiga mbizi hadi chini kabisa, kisha hujitoa bwawani bila ngazi. Wamarekani wa Msalaba Mwekundu nao humtaka mtahiniwa atoe chini ya bwawa tofali la pauni 10, takriban kilo nne na nusu, na kurudi nalo kifuani akiogelea chali, yote ndani ya dakika 1 na sekunde 40. Vipimo hivyo tutavifanya wiki ya kwanza na wengi wenu mtavipita. Kisha tutatumia wiki zilizobaki kujifunza kuketi kitini.

Nasikia mnacheka. Kuketi kitini ndiyo kazi. Mwokoaji aliyeingia majini amekwisha chelewa kwa namna fulani, kwani lilikuwapo jambo dogo kabla ya hapo ambalo angeweza kulizuia kwa filimbi au kwa neno: mtoto aliyevuka kamba ya maboya, kijana aliyekunywa pombe kisha akavua shati, mchezo wa kuzamishana vichwa. Katika mabwawa mengi duniani kanuni ni sekunde 10 za kutambua na 20 za kumfikia, maana yake jicho lako lazima liwe limezunguka eneo lako lote na kurudi lilipoanzia kabla ya hesabu ya kumi. Si juu ya maji tu. Macho huanzia chini ya bwawa, yakapanda katikati, yakamalizia juu, kwa kuwa aliyeko juu bado ana nafasi na aliyeko chini hana. Tena jicho linachoka kama mguu unavyochoka. Baada ya nusu saa ya jua na kelele utakuwa unatazama pasipo kuona, na hutajua kwamba huoni; kwa sababu hiyo tutabadilishana viti kila baada ya dakika 20 au 30, hata kama anayeketi anasema hajachoka. Anayesema hajachoka ndiye wa kwanza kuteremshwa.

Nina zoezi moja ambalo wanagenzi wa miaka iliyopita wanalijua na hawalipendi. Watu wanapokuwa wengi bwawani na maji yanacheza, mkufunzi mmoja anaiachia leso nyeusi iliyofungiwa jiwe ishuke hadi chini, mahali penye kina cha mita tatu, na mimi naanza kuhesabu kimya. Aliye kitini hajui. Mwaka mmoja nilihesabu nikafika 94 kabla ya kijana, tena hodari wa kuogelea kuliko wote, kupiga filimbi. Nilipomwuliza alikuwa akitazama wapi, akajibu kwamba leso aliiona mapema ila, "Mwalimu, nilidhani ni kivuli." Jibu lile nililithamini kuliko yale ya waliosema hawakuona kitu. Mtu aliyelala chini ya bwawa, uso wa maji ukitikisika, hafanani na mtu. Anafanana na kivuli, na taulo lililoanguka, na doa la uchafu. Kanuni ninayowapa ni kwamba kivuli hukaguliwa. Ukikosea, umelowa bure, na kulowa bure ni sehemu ya mshahara.

Kutokana na hilo linafuata jambo ambalo litawakosanisha na wenye mabwawa. Ukiketi kitini na huoni waziwazi kichujio kilichoko chini kabisa, bwawa linafungwa. Dawa ya klorini ikipunguzwa kwa ajili ya kubana matumizi, maji hugeuka kijani kisha maziwa, na bwawa la maji ya maziwa halina mwokoaji hata mkiketi kumi. Mmiliki atakwambia kwamba wageni wamekwisha lipa. Mwambie kwa adabu, mwite mzee au mama kama anavyostahili, lakini kamba ifungwe.

Mabwawa, hata hivyo, ni ya wachache. Nchi yetu ni nchi ya maziwa. Nalubaale pekee, ambalo ramani huliita Victoria, lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake iko upande wetu. Liongezeeni Albert, Kyoga, Edward, George, Bunyonyi, na Naili inayotoka hapo Jinja nilikozaliwa. Watafiti wa afya ya umma wa Chuo Kikuu cha Makerere walipofuatilia matukio ya kuzama katika wilaya 60, yaliyotokea kati ya 2016 na 2018, walikuta kwamba wengi wa wafu walikuwa wanaume vijana, na kwamba waliponyakuliwa na maji walikuwa hasa safarini au kazini, ndani ya mashua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria, katika ripoti yake ya Desemba 2024, kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, tisa kati ya kila kumi wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Tangu mwaka 2000 kiwango cha vifo hivyo kimeshuka kwa asilimia 68 katika kanda ya Ulaya. Katika kanda ya Afrika kimeshuka kwa asilimia 3. Siku hii ya leo, Siku ya Kuzuia Kufa Maji Duniani, iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa azimio la Aprili 2021, ingefaa iitwe siku ya hiyo asilimia 3.

Wako kati yenu wasiohitaji takwimu. Machi 2014, wakimbizi waliokuwa wakirudi Kongo kutoka Kyangwali walipinduka na mashua yao Ziwa Albert, na zaidi ya watu 250 walikufa, wakiwamo watoto wengi. Krismasi ya 2016, katika ziwa hilo hilo, ilizama mashua ya wachezaji na mashabiki wa timu ya kijiji waliokuwa wakienda mechi. Tarehe 24 Novemba 2018 ilizama boti ya starehe karibu na ufuo wa Mukono, ikaua zaidi ya watu 30 mahali ambapo taa za nchi kavu zilikuwa zikionekana. Waliotangulia kufika usiku ule walikuwa wavuvi. Ndiyo sababu nusu ya viti vya kozi hii nimevitenga kwa watu wa mialo, nao wa mahoteli watanisamehe.

Ziwa halifanani na bwawa, wala na bahari. Mimi nilipata mafunzo yangu Mombasa, nikarudi nikijiona bingwa, na siku ya kwanza niliporuka Nalubaale nikashangaa mwili wangu ulivyoshuka. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, ya ziwa gramu 1,000. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, lakini mwili unaielewa upesi. Tofauti kubwa zaidi ni ya macho. Hapa mwaloni ukisimama katika maji ya kiunoni huoni goti lako mwenyewe. Akizama mtu, hutamwona tena. Utakachokuwa nacho ni mahali ulipomwona mwisho, na mahali hapo pasipohifadhiwa papo hapo panapotea, kwa kuwa maji hayana alama. Basi jicho linafundishwa desturi nyingine: ukiona kichwa kinashuka, usikimbie kwanza. Simama ulipo, panga kichwa hicho na kitu cha ng'ambo, mti au paa la bati, mwite mwenzako asimame pembeni apange cha kwake, na mistari hiyo miwili inapokutana ndipo wa tatu anapokwenda. Katika maji mafupi watu hushikana mikono wakatembea mstari mmoja, miguu ikipapasa chini. Inaonekana kama mchezo wa watoto, na mara nyingi ndiyo njia ya haraka kuliko wapiga mbizi watano kila mmoja kwa upande wake.

La kuingia majini ndilo ninaloliogopa kwa niaba yenu. Mnajua wenyewe habari za mtu aliyemfuata ndugu yake wakazama wote wawili. Mfamaji hana kinyongo nawe, lakini ukimkaribia kwa mbele atakupanda, kwa sababu kwake wewe ni kitu cha kwanza kigumu alichokipata. Utaratibu ni kumsemesha kwanza, kisha kumnyooshea kitu, kisha kumrushia kinachoelea, kisha kwenda kwa chombo, na kuogelea ni la mwisho kabisa, nako ukiwa na boya kati yako na yeye.

Mtasema boya la uokoaji halipatikani Kasensero. Linapatikana, tena la manjano, na liko katika kila nyumba. Dumu la lita 20 lililo tupu na lililofungwa kifuniko barabara linaweza kubeba majini takriban kilo 19. Kichwa na mabega ya mtu mzima ndani ya maji havihitaji hata nusu ya nguvu hiyo ili mdomo ubaki hewani. Lifungeni kamba ya mita 15 mpinioni, na ndani yake acheni maji kidogo, kiasi cha vidole viwili kutoka chini, kwa kuwa dumu tupu kabisa linapeperushwa na upepo kabla ya kufika na lenye maji kidogo linaruka sawasawa. Lirusheni lipite nyuma ya bega lake, kisha livuteni limjie, msimlenge usoni. Amri iwe moja, fupi, kwa sauti nzito ya kifuani: "Shika dumu!" Mwaka jana mzee mmoja wa mwalo alinichekea kwamba nimewaleta watu Entebbe kuwafundisha kurusha dumu. Nikampa alirushe. Alirusha mara sita kabla ya kulifikisha pale kijana alipokuwa akielea, naye ni mvuvi wa kurusha nyavu tangu utotoni. Tangu siku hiyo yeye ndiye msimamizi wa zoezi hilo, na leo ameketi hapa mbele.

Kuhusu jaketi la kuokolea, ambalo wengi mnaliita laifu jaketi, nitasema kidogo. Livaliwe kabla ya mashua kuondoka, lifungwe kamba za chini, na lisiwekwe chini ya mizigo kwa ajili ya kumwonyesha afande. Pia lijaribiwe. Niliwahi kununua moja barabarani, nikalipasua mbele ya wanagenzi, na ndani nikakuta sponji ya godoro. Tuliliacha ndani ya pipa la maji usiku kucha. Asubuhi lilikuwa limelala chini ya pipa.

Aliyetolewa majini bila kupumua amekosa hewa, na hewa ndiyo dawa yake ya kwanza. Najua mlivyozoea: aning'inizwe kichwa chini, akandamizwe tumbo, azungushwe maji yatoke. Acheni kabisa. Maji yanayotoka kwa namna hiyo ni ya tumboni, yanampalia njiani, na dakika unazozipoteza ndizo ubongo wake unazozihitaji, kwa maana baada ya dakika nne hivi bila hewa huanza kuharibika. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie. Miongozo ya Ulaya huanza na pumzi 5, ya Marekani huanza na 2. Hapa tutafundisha 5. Kisha kifua hukandamizwa mara 30, kwa mtu mzima kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo, kwa mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2, na hivyo hivyo bila kukata tamaa hadi msaada ufike. Atatapika. Mgeuze ubavu, mfute, endelea. Tutalirudia somo hili kila asubuhi, na baada ya miaka miwili mtarudi kulifanyia mtihani upya, kwa sababu cheti cha uokoaji kinaisha muda wake kama dawa.

Sasa ninyi mliokuja kuwa walimu wa kuogelea, msidhani nimewasahau. Kwa maoni yangu ninyi ni waokoaji mnaofika mapema zaidi, miaka kumi kabla ya mashua kupinduka. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea kwa msingi na kukaa salama majini, na katika vijiji vya Bangladesh, ambako watoto wengi hufa katika madimbwi ya nyumbani, mafunzo ya namna hiyo yamepunguza vifo sana, bila mabwawa ya vigae, kwa jukwaa la mianzi lililojengwa ndani ya dimbwi. Kwetu ualimu huu umekuwa wa mitindo. Mzazi wa Kampala analipa ili mwanawe ajue mtindo wa kipepeo kabla ya mashindano ya shule, na mtoto huyo huyo ukimsukuma majini akiwa na viatu na sare hajui la kufanya. Katika kozi hii mtoto wa kwanza kufundishwa atajifunza kutoa pumzi ndani ya maji, mapovu yaonekane. Kisha kulala chali na kubaki hivyo, masikio yamezama, macho yanatazama mawingu. Kisha kugeuka kutoka kifudifudi kuja chali bila msaada. Mtoto aliyejua kugeuka amejipatia pumzi, na mwenye pumzi ana muda wa kuita. Mikono na miguu ya kuogelea hadi mita 25 itafuata, wala haina haraka. Mwalimu mmoja asishike watoto zaidi ya watano, na awakabili daima; mwalimu anayewapa watoto mgongo ili aonyeshe mtindo ameacha kiti tupu.

Watu wazima nao wafundishwe wakiwa na nguo wanazosafiri nazo. Mwaka fulani niliingia bwawani na gomesi, lile vazi refu la akina mama wa kwetu, mkanda umefungwa kama wa kwenda harusini, wanagenzi wakanipigia makofi kabla ya kuona kilichofuata. Kwanza sketi ilijaa hewa ikaniinua. Baada ya muda mfupi hewa ikatoka, kitambaa kikajisokota miguuni, na kila nilipopiga teke kilizidi kunifunga. Ndani ya maji nguo haikuvuti chini kama watu wanavyodhani; inakufunga, na uzito wake unaujua unapojaribu kupanda mashuani. Basi nililala chali, nikaacha miguu itulie, nikapiga maji kwa viganja tu, nikafika ukingoni baada ya muda mrefu. Wamama wanaosafiri kwenda Kalangala wanahitaji somo hilo kuliko kipepeo.

Na wasichana wafundishwe na wanawake pale familia zinapotaka hivyo. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wanawake wa kijiji kuogelea wakiwa na mavazi yanayowasitiri, na waliofundishwa wakawa walimu wa wengine. Mzee wangu mmoja wa Bombo aliniambia binti yake hataingia majini mbele ya wanaume. Sikubishana naye, nilimtafutia mwalimu wa kike, na binti huyo ameketi safu ya pili, ameandikishwa ualimu.

Mishahara ni midogo, na viongozi mlioko hapa mnalijua hilo. Ombi langu tumeliandika na liko katika bahasha ya afande. Nyongeza yake ni moja tu ambayo haigharimu shilingi: mwokoaji asitumwe sinia.

Saa tisa tutashuka majini. Kila mmoja achukue dumu lake, akague kifuniko, apime kamba. Wanaoogelea leo ni wakufunzi wanne waliovaa kofia nyekundu, na mmoja wao, wakati ambao sitausema, atanyamaza. Anayeanza kitini ni dada kutoka Buliisa; kiti kile pale, jua litakuwa mgongoni mwako. Afande amekubali kushika saa.